Riwaya Niliyoifuata Mikumi

Mdogo wangu hakuwa mtu wa vitabu. Mimi ndiye niliyekuwa nakula huku riwaya imeegemezwa kwenye jagi la maji, mama akinisema kwamba siku moja nitameza karatasi. Yeye alikuwa mtu wa tamthilia, anazijua familia za kwenye runinga kuliko majirani zetu. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka wodi ya wajawazito kule Mikumi akaniambia, "Dada, niletee kitu cha kusoma, dari ya humu nimeshaimaliza," nilikaa chini. Nilielewa kwamba hali yake ni nzito kuliko tulivyoambiwa.

Mimba ilikuwa imepita miezi saba. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Mara ya kwanza alipotokwa na damu alikuwa nyumbani kwake Kidodi, akajifunga kanga ya pili akaendelea kufua, wala hakumwambia mtu. Mara ya pili mume wake alimkimbiza hospitali, na daktari akasema harudi nyumbani mpaka ajifungue, na kwamba atajifungua kwa upasuaji. Mpaka siku hiyo ifike, kazi yake ilikuwa moja tu, kulala. Aende chooni, aoge, arudi kitandani.

Mume wake ni dereva wa lori la miwa, na huo ulikuwa msimu wa kuvuna. Alipopata nafasi alikuja na majivu ya shamba lililochomwa bado yako kwenye kope zake, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasinzia. Mama yetu miguu ilikuwa imeshamkatalia safari. Alikaa kwangu Kilosa, pale Magomeni, akiulizia habari kila simu ilipolia. Kwa hiyo wa kwenda na kurudi nilikuwa mimi.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Kwenye simu nimo kwenye kundi la wasomaji, wengi wetu walimu, tunapendekezeana riwaya mpya zinazotoka. Humo ndani nina jina. Mtu akiandika kwamba anataka kitu cha kumchekesha, au kwamba amefiwa na hajui asome nini, wenzangu huniachia mimi. Huwa simjibu papo hapo. Namuuliza kwanza anasomea wapi, ana muda kiasi gani, na ni kitu gani hasa kimemchosha, kwa sababu aliyechoshwa na kazi na aliyechoshwa na watu hawapewi kitabu kimoja. Naipenda shughuli hiyo, na mara nyingi sikosei.

Lakini kwa mdogo wangu nilikwama. Nilivitoa vitabu vyangu vyote rafuni nikavipanga kitandani, nikaanza kuvikagua kama mtu anayechambua mchele wa mgonjwa. Huyu anakufa kwa ajali. Huyu anajinyonga. Huyu mimba inaharibika. Nilikuwa nimezisoma riwaya hizo nikazisifu kwa watu, na sikuwa nimewahi kugundua jinsi waandishi wetu wanavyopenda kuua wanawake.

Mwishowe nilimpelekea ya upelelezi, kwa sababu maiti pekee mle ndani ilikuwa ya mwanaume, tena mwanaume mbaya, meneja wa ghala la mkonge huko Tanga ambaye hakuna aliyemlilia. Alinipigia kabla hata sijamaliza kusahihisha daftari za wiki hiyo.

"Muuaji ni mhasibu," alisema. "Nilimjua tangu alipoanza kutoa salamu nyingi. Una nyingine?"

Nilifurahi kupita kiasi. Safari iliyofuata nilimpelekea riwaya ya kisayansi, mambo ya Dodoma ya miaka mingi ijayo ambako mvua inauzwa na kampuni na watu wanaweka akiba ya mawingu. Hiyo haikumpendeza. Aliniambia kwamba shida za leo zinamtosha, sasa mimi namletea na za wajukuu zake. Nikampelekea ya kihistoria, ya wajenzi wa reli na mapenzi yao na binti mmoja wa stesheni, akasema ni nzuri ila kuna kurasa mwandishi anajisahau anaanza kufundisha, "kama wewe."

Halafu akaniomba ya kutisha. Nilikuwa nayo, mpya, nzuri sana, ya nyumba ya kupanga ambayo mpangaji wa chumba cha mwisho hajawahi kuonekana na mtu. Nilimkatalia.

"Kwani mimi mtoto?" aliniuliza.

"Wewe si mtoto. Una mtoto tumboni."

Nilisikia kitanda chake kikilia alipojigeuza. Kisha akasema sawa, basi nilete ya mapenzi.

Wakati huo kundi letu lilikuwa halizungumzi kingine ila riwaya moja ya mapenzi iliyokuwa imetoka karibuni, ya muuza vitenge na fundi wa redio. Kila mtu alikuwa anaisifu. Nilikuwa nimeagiza nakala kutoka Morogoro, ikafika wakati mitihani ya kufunga mwaka imenifunika mpaka shingoni. Sikupata hata kuifungua. Nilimpelekea hivyo hivyo, nikamwambia wazi kwamba hii sijaisoma, ila wenzangu wote wanaisifia. Aliitazama picha ya jalada, mwanamke anayecheka mbele ya rundo la vitenge, akasema, "Huyu anaonekana hana stresi." Niliondoka moyo wangu mwepesi.

Siku chache baadaye nilikuwa ofisini kwa walimu, najaza alama. Mwenzangu wa Baiolojia aliingia, akaweka mkoba wake mezani, akajitupa kwenye kiti kilicho mkabala na changu.

"Ile riwaya yenu imenitoa machozi," alisema. "Mwalimu mzima nalia mbele ya mume wangu. Hivi kwa nini alimuua yule dada?"

"Dada gani?"

"Muuza vitenge. Si anafia leba. Damu haikatiki, na kule kituoni hakuna ya kumwongezea. Wewe hujafika huko? Samahani jamani, nimekuharibia."

Nakumbuka niliendelea kuandika. Niliandika alama za mwanafunzi mmoja kwenye mstari wa mwingine. Kisha nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya maabara mahali ambapo simu inashika vizuri.

Nilimpigia mdogo wangu. Nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida. Nilimuuliza amekula nini, mtoto anacheza, ameshapimwa presha. Ndipo nikauliza, kama mtu aliyekumbuka tu, "Na ile riwaya umefika wapi?"

"Tuko pazuri," alisema. "Wameshaoana."

Ningemwambia asiendelee, angeendelea siku hiyo hiyo. Namfahamu tangu anatambaa. Ningemwambia nakihitaji kitabu shuleni, angesema subiri nimalizie. Nilimpigia shemeji nikamwomba akifika hospitali akichukue kile kitabu, aseme mimi nakitaka. Alikuwa barabarani, injini inanguruma, akanijibu, "Shemeji, kitabu? Nimekuelewa kweli?" Nikaona hata nikimweleza, naye atakwenda kumweleza mkewe, neno kwa neno, maana hajui kuficha kitu. Nikamwambia basi, aendeshe salama.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba ruhusa kwamba nina mgonjwa. Hilo halikuwa uongo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na gari la kawaida la kwenda Mikumi kwa kupitia kijiji cha Ulaya lilikuwa limeshaondoka. Pale sokoni nilimkuta mzee mmoja jirani yangu wa Magomeni, mwenye shamba la nyanya kule Mvumi, ambaye hupeleka matenga yake Mikumi kwa wauzaji wa kando ya barabara kuu. Pikapu yake ilikuwa imeshapakiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Naomba unisogeze Mikumi. Mdogo wangu yuko hospitali."

Hakuuliza zaidi. Aliondoa koti lake kwenye kiti cha mbele nikapanda. Lakini alinitazama uso, na uso wangu bila shaka ulisema kitu kikubwa kuliko kitabu, kwa sababu alianza kuendesha kama mtu anayekimbiza roho. Kwenye madimbwi hakupunguza mwendo. Nyanya zilikuwa zinarukaruka nyuma, nasikia matenga yanagongana. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na kila tulipopita kilima akawa ananiambia nimtegemee Mungu. Nilitaka kumwambia apunguze mwendo, kwamba mgonjwa hajazidiwa, kwamba ninafuata riwaya. Nilishindwa. Nilikaa nimeshika dashibodi, nikijihesabia mambo mawili kwa pamoja: aibu yangu kwa huyu mzee na kurasa anazosoma mdogo wangu wakati huo. Kila tulipokwama nyuma ya mkokoteni au kundi la ng'ombe, mimi niliona ukurasa unafunuliwa.

Tulipofika aliniteremsha langoni mwa hospitali kabisa, akanipa nyanya kwenye mfuko, za mgonjwa. "Akiamka umwambie ni za jirani," alisema. Nilishukuru, nikaingia mbio.

Wodini nilimsikia kabla sijamwona. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, mito miwili mgongoni, anasoma kwa sauti. Kwenye kitanda cha jirani yake, kile cha dirishani, alikuwako mwanamke kijana niliyemwona safari zilizopita tukasalimiana tu. Familia yake ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wanaishi ndani ndani mbele ya Kidodi. Mama mkwe wake alipokuja walizungumza Kisukuma chao wawili. Shule aliachia darasa la nne, na Kiswahili cha kitabuni alikisoma kwa kufuata kidole. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anamsomea. Jirani huyo naye alikuwa amewekwa pale kusubiri upasuaji, mtoto wake amekaa vibaya tumboni.

"Shikamoo, mwalimu," alinisalimia.

"Marahaba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Umetukuta pagumu. Uchungu umemshika yule dada." Alijiinua kidogo kwa kiwiko. "Wewe si ndiye mwenye kitabu? Atapona?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, bila kunitazama. "Bado hatujafika huko. Tumechoka leo, tutaendelea kesho."

Yule mwanamke hakubisha. Alivaa ndala zake, akachukua kopo, akatoka taratibu kwenda kuoga. Alipopotea mlangoni, nilinyoosha mkono.

"Nipe hicho kitabu."

"Cha nini?"

"Nipe tu. Nimekuletea kingine, kinachekesha."

Mdogo wangu alikifunga kitabu akakiweka chini ya mkono wake. "Umetoka Kilosa na mvua hii kufuata kitabu," alisema. Halikuwa swali. "Unafikiri sijui kwamba anakufa?"

Nilikaa kitandani pake.

"Siku uliyokileta nilisoma mwisho kwanza," alisema. "Vyote huwa nasoma mwisho kwanza. Nione kama patafaa kufika, ndiyo nianze."

"Hata ile ya upelelezi?"

"Hata ile." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Huyu ninamficha, kesho kutwa wanamfanyia upasuaji. Ndiyo maana nasoma kidogo kidogo, mahali pengine narudia. Nilikuwa nangoja uje na kitabu kingine nimbadilishie."

"Na wewe je? Unasoma mambo kama hayo ukiwa na hali hii?"

Hapo ndipo aliponitazama. Mdogo wangu ana macho ya baba, hayapepesi.

"Dada, kila anayeingia hapa ananiambia nisiwaze. Mama kwenye simu, usiwaze. Mume wangu, usiwaze. Wewe ndiyo kabisa, nikifungua mdomo tu unanimenyea chungwa. Huyu mwandishi ndiye peke yake aliyeniambia kwamba jambo hili linatokea."

"Mwandishi hajui hali yako."

"Ndiyo maana nimemsikiliza. Yeye hanihurumii."

Kwenye mkono nilikuwa nimeshika mfuko wa nyanya za yule mzee, na sikujua niuweke wapi.

"Nataka kukuambia kitu na usinikatize," alisema. "Nikifa na mtoto akabaki, akae kwako. Mama mkwe ni mtu mwema lakini amechoka, na mume wangu yuko barabarani. Nimeshamwambia. Alilia, hakunijibu. Sasa nakwambia wewe."

Neno lilikuwa tayari ulimini mwangu, lile lile, usiwaze. Nililihisi kama kitu cha kutema. Nilimwambia, "Sawa."

"Sema vizuri."

"Ukifa, mtoto nitamlea mimi."

Kuyasema maneno yale kulinitia hofu kuliko safari nzima ya kwenye pikapu. Niliona kama nimeyaruhusu yatokee. Lakini yeye alilegea mabega, akaegemea mito, akaniomba nimkatie nyanya na chumvi. Alikula akaniuliza habari za shule. Baadaye akaniambia na mengine: nguo zipi ziko wapi, kadi ya kliniki ya mtoto iwekwe na nani, jina gani hataki kabisa mtoto apewe hata kama ukoo wa mume utashikilia. Nilikaa nikasikiliza mpaka muda wa wageni ukaisha, na hapo nilitambua kwamba zile wiki zote nilizokuwa nikimchagulia riwaya zisizo na kifo, nilikuwa namfungia mlango pekee aliotaka kupita na mimi.

Nilimwachia ile ya kuchekesha amsomee jirani yake. Ilimhusu mwenyekiti wa chama cha ushirika anayegombea tena uongozi huku mbuzi wake wa maziwa anamfuata mikutanoni. Yule mwanamke alipoambiwa hadithi imebadilishwa hakuuliza sababu.

Shule ilifungwa wiki hiyo. Nilirudi Mikumi na nguo, nikapanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu, ambapo malori yanayokwenda Iringa yalikuwa yanatikisa kitanda usiku kucha. Jirani wa dirishani alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kiume, akahamishiwa wodi ya waliojifungua. Siku ya mdogo wangu ilikuwa imepangwa kwa baadaye.

Haikungoja. Mchana mmoja nilikuwa namsuka nywele, yeye amelala kichwa kikiwa pajani kwangu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, muite nesi. Imeanza." Nilifunua shuka. Damu ilikuwa imeshafika magotini.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na watu wa pale walifanya kazi yao kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Walimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji nywele zimesukwa upande mmoja. Walinitoa damu ya kumwongezea, nikapewa soda, nikaambiwa nikae kwenye benchi la korido. Shemeji alikuwa njiani, amesimamisha lori lake mahali fulani na kupanda pikipiki. Nilimpigia mama nikamwambia wameanza; akaniuliza kama anatokwa damu nyingi, na kwa mara ya kwanza sikumwambia asiwaze. Nilimwambia ndiyo, mama, nyingi. Alisema haya, naswali, akakata simu.

Kwenye mkoba nilikuwa na ile riwaya ya nyumba ya kupanga. Niliifungua. Nilisoma sentensi moja, nikairudia, nikairudia tena, haikuingia. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na kioo kilichopakwa rangi, na kila kivuli kilichopita nyuma yake kilinifanya nisimame.

Yule jirani wa dirishani alinikuta hapo. Alikuwa anatembezwa taratibu kama wanavyoambiwa baada ya upasuaji, mtoto amebebwa na mama mkwe wake nyuma. Alishikilia ukuta, akakaa kando yangu kwa uangalifu, mkono kwenye mshono.

"Yuko ndani?"

"Yuko ndani."

Tulikaa. Kisha akasema, "Yule dada wa kwenye kitabu alikufa, sivyo?"

Nilitazama sakafu.

"Nilijua," alisema. "Mdogo wako alianza kusoma polepole. Mahali pengine alirudia, akafikiri sijui. Sikutaka kumwambia, alikuwa anajitahidi sana." Alimpokea mtoto kutoka kwa mama mkwe, akamweka kifuani. "Mwalimu, nisimulie kitu. Hicho ulichoshika kinahusu nini?"

"Hiki kinatisha."

"Nisimulie hicho hicho."

Kwa hiyo nilimsimulia. Nilianza na nyumba ya kupanga, wapangaji mmoja mmoja na vituko vyao, yule fundi cherehani anayesikia mtu akikohoa ukutani, mama mwenye nyumba anayepokea kodi ya chumba cha mwisho bila kusema inatoka kwa nani. Hadithi ina njia yake, ukiishika inakuvuta. Nilipofika mahali fundi anaamua kugonga ule mlango, mwanamke yule alinishika mkono akasema subiri kwanza, akavuta pumzi, kisha akasema haya, endelea. Mama mkwe wake, ambaye sikuwa na hakika kama anafuata Kiswahili changu, alikuwa amesogea karibu na kuacha kutafuna karanga alizokuwa nazo. Sikuwa nimesahau kilichokuwa nyuma ya kile kioo. Kilikuwa palepale, kila sentensi niliyoitoa niliitoa mbele yake. Lakini sikuwa peke yangu na kile kioo.

Sikumaliza. Nesi alitoka akaita jina la mdogo wangu akauliza ndugu yake ni nani. Nilisimama. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Mtoto wa kike," alisema. "Mdogo kidogo, lakini analia vizuri. Mama amepoteza damu nyingi. Bado wanamshughulikia. Mkae tu."

Nilikaa. Shemeji alifika, viatu vimejaa tope, akanitazama bila kuuliza, nikamwambia kwa neno moja moja nilichoambiwa. Alikwenda kusimama mbele ya mlango, akaweka kipaji cha uso kwenye ukuta. Kiza kilikuwa kinaanza kuingia kwenye korido ndipo daktari alipotoka, akasema damu imekata, amefumbua macho, ameuliza amepata mtoto gani. Shemeji alichuchumaa pale pale alipokuwa. Mimi nilitoka nje nikatapika ile soda kwenye maua.

Alikaa hospitali siku nyingi kuliko wenzake, mweupe midomo, akiongezewa damu, mtoto akilishwa kwa kikombe. Siku aliyoruhusiwa, shemeji aliazima gari la mwenzake tukampeleka Kidodi. Njia yote nilikaa nyuma na mtoto, na kila lori la miwa lililotupita likidondosha mabua barabarani nilimwinamia kama paa la gari lingetuangukia. Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele. Karibu na nyumbani aligeuka akaniuliza kama nilishamwambia mume wake yale tuliyokubaliana wodini. Nilisema sijamwambia.

"Mwambie tu," alisema. "Yabaki hivyo hivyo. Mtu hajui la kesho."

Shemeji aliendelea kuendesha, na alisikia kila neno.

Mama mkwe alikuwa amesafisha chumba na kuwasha mkaa mlangoni kupasha maji. Alimpokea mtoto, akamtazama muda mrefu, akasema kafanana na watu wa kwetu Kilosa, sio wao. Tulicheka kidogo. Mchana ulipokuwa mkali nyumba ikatulia. Mdogo wangu alilala chali kwa kuogopa mshono, mtoto pembeni yake ndani ya kitenge. Mama mkwe aliniambia nijinyooshe nami, nimechoka. Sikuweza. Nilivuta kigoda nikakaa mlangoni pa chumba nikiwasikiliza wote wawili wakipumua, na kila pumzi ya mmoja wao ilipochelewa kidogo, niliinuka nikaenda kutazama.